Mwisho Tuliula

Kitabu hiki, Katungu, hakina jalada wala mwisho.
Jalada lilipotea kabla yangu: mjomba alikikuta hivyo hivyo
Birere, mezani kwa muuza karanga,
kikisubiri zamu yake ya kuraruliwa vifuko.
Mwisho, hiyo ni habari nyingine.

Usiku ule mlima uliposhuka mjini
kila mtu alibeba alichokipenda, au alichokiona kwanza.
Baba godoro. Dada mbuzi. Jirani mlango wa nyumba yake,
mlango mzima, na bawaba zake.
Mimi, miaka kumi na mmoja, nilibeba hiki.
Nyanya yako alinisema njia nzima hadi Sake:
“Umeacha sufuria, umebeba karatasi!”

Sufuria tuliazima. Mvua ilinyesha, kuni mbichi,
naye akanyoosha mkono bila kusema neno.
Kurasa kumi na mbili.
Niliziona zikijikunja,
na chombo kilichokuwa njiani kurudi duniani,
na rubani wake aliyebakiwa na hewa ya saa sita,
vikawa mwali wa buluu, kisha maharage.
Yalikuwa matamu, sitakudanganya.
Mwisho tuliula.

Ndiyo maana nakusomea hivi, kwa mshumaa, umeme ukikatika,
jicho kwenye Kifaransa, mdomo kwenye Kiswahili,
nikitafuta maneno ambayo hakuna aliyeniachia.
Roboti ni roboti, hilo halikunisumbua.
Lakini mahali pasipo uzito?
Nikakuambia: ni chukudu mteremkoni, imejaa viazi, breki imekatika,
wewe umefika chini, tumbo lako bado liko juu kwenye kona.
Ulicheka ukijishika tumbo, ukaelewa.
Na ile sayari ya ardhi nyeusi, ngumu, yenye matundu,
isiyoota kitu ila ukaidi?
“Mama, si huu uwanja wetu?”
Ukatoka na tochi kuhakikisha.

Miaka mitatu nilikuambia chombo kilifika.
Nilikishusha ziwani, taratibu,
wavuvi wa sambaza wakapunguza taa zao kwa adabu,
rubani akala, akanawa, akalala.
Mwaka huu umetimiza tisa.
Uliweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki:
“Hewa ya saa sita. Safari ya siku mbili.
Mama, hesabu hizi haziingii.”

Haziingii.
Mimi muuguzi, kutwa nahesabu matone ya dripu za watu,
na sikuwahi kuhesabu pumzi
za mtu niliyempenda tangu utoto.

Sasa daftari lako la hesabu lina kichwa kwa wino mwekundu:
Sura ya Kumi na Tisa. Siruhusiwi kusoma.
Najua tu kuna bidoni za njano ndani yake,
kwa sababu uliniuliza, nikiwa nachambua sombe,
bidoni moja inabeba pumzi ngapi za mtu mzima,
na je, mtoto anavuta nusu?
Najua pia kuna nyanya mmoja
aliyegoma kupanda chomboni bila sufuria yake.
Hilo ulimsomea yeye kwenye simu.
Alinyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha.
Kisha akauliza kama huko mbele kuna kuni.

Jana mshumaa ulikwisha, nikajua umelala.
“Mama, Mirihi kuna volkeno?”
Ipo. Kubwa kuliko zote tunazozijua.
“Imelala?”
Imelala.
Dirishani tumbo la wingu lilikuwa jekundu, kama kila usiku.
Ukageukia ukutani, ukavuta blanketi lote upande wako.
“Basi watu wa Goma watazoea haraka.”
Na baadaye, sauti ikiwa imezama nusu:
“Daftari usiliguse.”